Keki ya Chungwa na Karoti ya Bati la Mkate: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naoka kwa oda, hapa Tanga mjini. Machungwa napata ya Muheza, karoti zinashuka kutoka Lushoto, mumunye na mchicha ni vya nyuma ya nyumba. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki, na mengine huja na picha ya keki iliyodidimia. Ukiyasoma utaona mengi yanarudi palepale: harufu ya chungwa iko kwenye ganda, siyo kwenye maji yake, na mboga ni maji unayoyamimina kwenye keki bila kuyapima.

## Mwanzo

Hii ni keki au ni mkate?

Ni keki. Umbo tu ndilo la mkate, kwa sababu ya bati refu. Haina hamira, haikandwi, na haisubiri kuumuka mezani. Ukishachanganya, inaingia motoni hapohapo.

Dada, nipe vipimo unavyotumia wewe.

Kwa bati la mkate la sentimita 23 kwa 13:

- unga wa ngano gramu 250
- sukari gramu 180
- mayai 3
- mafuta ya kupikia mililita 150
- karoti zilizokwaruzwa gramu 200
- ganda la machungwa mawili, lililokwaruzwa laini
- maji ya chungwa mililita 60
- beking poda vijiko viwili vya chai, vya kufuta juu kwa kisu
- beking soda robo kijiko cha chai
- chumvi nusu kijiko cha chai
- iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai

Iliki si lazima, lakini huku pwani keki isiyo na iliki watu wanaila huku wanatafuta kilichopungua.

Sina mizani. Nitafanyaje?

Tumia kikombe cha mililita 250. Unga ni vikombe viwili, lakini uchote kwa kijiko na kuumwaga kikombeni, kisha ufute juu. Ukizamisha kikombe ndani ya mfuko na kushindilia, unga unazidi sana na keki inatoka ngumu. Sukari ni kikombe kimoja kasoro vijiko viwili vya chakula. Mafuta ni nusu kikombe na vijiko viwili vya chakula visivyojaa. Karoti tatu za wastani zinatosha. Kikombe cha chai cha nyumbani usikiamini mpaka umekipima. Changu kimoja kinachukua mililita 200, kingine 300, na kwa macho ni pacha.

Nianze na nini?

Anza na sukari na ganda la chungwa. Viweke kwenye bakuli na uvisugue kwa vidole kama dakika moja, mpaka sukari ilowe kidogo na ibadilike rangi. Punje za sukari zinayapasua yale matundu madogo ya mafuta yaliyo kwenye ganda. Utajua umefika pale aliye sebuleni atakapouliza unamenya nini.

Ongeza mayai, piga mpaka yawe mepesi na ya rangi ya maziwa, kisha mimina mafuta taratibu huku unapiga, halafu maji ya chungwa. Kwenye bakuli lingine changanya vitu vikavu na uvichekeche. Viunganishe na vile vya maji kwa mwiko, tia karoti, na uache mara tu unga mkavu unapopotea. Vibonge vidogo havina neno. Mimina kwenye bati lililopakwa mafuta na kutandikwa karatasi, uoke kwa nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 55 hadi 65. Oveni iwe imeshapata moto kabla hujaanza kuchanganya.

## Chungwa

Machungwa yetu ni ya kijani. Si mabichi hayo?

Yameiva. Chungwa hugeuka rangi ya njano ya machungwa pale usiku unapokuwa wa baridi, ndipo ule ukijani wa ganda unapovunjika. Muheza hakuna usiku wa namna hiyo, basi chungwa linaiva ndani likiwa kijani nje. Pima kwa uzito: shika mawili yanayolingana ukubwa, chagua lililo zito. Ganda la kijani linatoa harufu nzuri tu, ila keki haitapata vidoadoa vya njano kama kwenye picha za magazeti.

Nimetia maji ya machungwa manne na bado keki hainukii chungwa. Kwa nini?

Kwa sababu umetia maji, hujatia chungwa. Harufu ile imo kwenye mafuta ya ganda. Maji ya chungwa yana utamu na ukali kidogo, na ladha yake inafifia motoni. Machungwa manne yanaweza kukupa zaidi ya mililita 200, na ukizitia zote umeongeza uji, siyo ladha. Baki na mililita 60, na kama unataka chungwa lisikike zaidi, kwaruza ganda la tatu.

Keki yangu ina uchungu unaobaki kooni.

Umekwaruza mpaka kwenye ule weupe wa chini ya ganda. Pitisha chungwa mara moja kwenye matundu madogo ya kikwaruzo, ligeuze, pitisha pengine; usirudie palepale. Huna kikwaruzo cha matundu madogo? Menya ganda jembamba kwa kisu kikali, geuza kipande, parua weupe wote, kisha katakata vidogo sana. Inachosha, lakini keki chungu haiokolewi na sukari.

Chanzo kingine cha uchungu ni mumunye. Tazama sehemu ya mboga, na ukasome kabla ya kuoka.

Naweza kutumia limau, ndimu, chenza au danzi?

Limau linafaa sana. Tumia ganda la malimau mawili, na maji mililita 45 pamoja na 15 za maziwa. Ndimu ni kali zaidi, kwa hiyo gawa nusu kwa nusu na maziwa. Yakikatika yakawa kama mtindi usiyamwage, ndivyo inavyotakiwa. Chenza lina harufu nzuri lakini ganda lake ni laini na linaponyoka kwenye kikwaruzo, hivyo likwaruze kabla ya kulimenya.

Danzi ndilo nilipendalo, watu wengi hawalifikirii. Ndani ya keki uchungu wake unatawala, lakini maji yake yakichanganywa na sukari ya unga ya kupaka juu, hakuna chungwa linaloyafikia.

## Mboga

Karoti nizikamue kwanza?

Hapana. Karoti ina maji, lakini inayashikilia na kuyatoa polepole motoni, ndiyo maana keki hii haikauki haraka. Ukizikamua unaondoa kile ulichokuwa unakitafuta. Ila zikwaruze kwa matundu madogo. Nyuzi nene zinabaki ngumu na unaziona zikining'inia kwenye kipande.

Usizikwaruze asubuhi ukaoka jioni. Zitatoa maji bakulini na kuanza kukauka juu.

Nina zukini shambani zimenizidi. Au mumunye changa?

Zote mbili zinafaa na utaratibu wake ni mmoja, tofauti na karoti. Karibu asilimia 95 ya zukini ni maji. Ikwaruze pamoja na ganda lake kama ni changa. Mumunye imenye na uondoe mbegu. Nyunyizia ile nusu kijiko ya chumvi ya kwenye vipimo, acha dakika 15, kisha weka kwenye kitambaa safi na ukamue kwa nguvu zako zote. Utashangaa yanayotoka. Gramu 200 zipimwe baada ya kukamua, na usitie chumvi nyingine tena.

Zukini haina ladha ya kujivunia, kwa hiyo inamwachia chungwa uwanja wote. Kwa limau naiona bora kuliko karoti.

Mumunye yangu ni chungu. Ikiiva si uchungu utaisha?

Hauishi, na usiile. Mimea ya jamii ya maboga, mumunye na zukini zikiwemo, mara nyingine hutoa tunda lenye uchungu mkali ambao ni sumu. Unaweza kukuletea kutapika na kuharisha vibaya, na moto hauondoi sumu hiyo. Kila mumunye au zukini ya bustanini kata kipande, kigusishe ulimi kikiwa kibichi. Kikiwa kichungu, tema na tupa tunda lote. Hii haina "kidogo tu".

Na boga? Bitiruti? Mchicha?

Boga lichemshe kwa mvuke, si ndani ya maji, liponde na uliache lichuje. Tumia gramu 200 na upunguze maji ya chungwa yawe mililita 30. Keki inatoka nzito kidogo, ya rangi nzuri, na hapo iliki inastahili kuongezwa.

Bitiruti mbichi iliyokwaruzwa inafaa, lakini usiahidi mteja keki nyekundu. Unga ukiwa bakulini unaona rangi ya waridi, ukitoka kwenye oveni umekuwa kahawia. Ukali wa limau unasaidia rangi isipotee yote.

Mchicha nimejaribu mara mbili. Watoto walicheka, wakala, na hawakuomba tena.

## Unga, mafuta na vichachusho

Unga wa chapati unafaa?

Unga mweupe wa ngano wa kawaida ndio ninaoutumia. Ule unaoandikwa kuwa ni wa mikate una nguvu zaidi ya kuvutika, na ukiukoroga sana keki inakuwa kama andazi la jana. Unga ambao tayari umetiwa kichachusho kiwandani pia unafaa, ila acha beking poda. Unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, tumia nusu tu, uongeze vijiko viwili vya chakula vya maziwa.

Beking soda imeisha, naweza kutia magadi ya maharage?

Usitie. Magadi, yale yanayotoka kwenye maji ya chumvi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ni makali kuliko beking soda. Yatakupa keki ya rangi ya njano-kahawia yenye ladha ya sabuni. Kama huna soda, iache tu. Beking poda itainyanyua keki. Soda ipo kwa ajili ya kupunguza ule ukali wa chungwa na kuipa keki rangi.

Na hamira siyo beking poda. Naandika hili kwa sababu mwaka huu nimeulizwa mara tatu.

Mafuta au siagi?

Mafuta. Siagi ina ladha, lakini ikipoa inaganda, na keki nayo inakaza. Mafuta hayagandi, kwa hiyo keki ya jana inakuwa laini kama ya leo. Mafuta ya nazi ni mazuri na chungwa, ila huganda hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga yanamiminika, asubuhi ya Lushoto unayachota kwa kijiko. Yayeyushe kwanza, na mayai yasiwe yametoka kwenye friji muda huo, la sivyo mafuta yataganda bakulini.

Bila mayai inawezekana?

Inawezekana. Tumia mtindi mzito mililita 180 badala ya mayai matatu, ongeza beking soda iwe nusu kijiko cha chai, na uache maji ya chungwa kabisa. Harufu utaipata kwenye ganda. Haitapanda sana, na haitakatika vipande vyembamba.

## Moto

Sina oveni, nina jiko la mkaa.

Ndivyo nilivyojifunza, na keki yangu ya kwanza iliungua chini ikawa kama tofali huku juu ikiwa uji. Nilikuwa nimewasha moto wa kuchemshia maharage.

Chukua sufuria kubwa nene yenye mfuniko bapa. Tandaza ndani mchanga mkavu uliooshwa, unene wa vidole viwili. Weka kwenye moto mdogo, funika, acha dakika 15 upate joto. Ingiza bati, funika, kisha upalie: makaa mengi yawe juu ya mfuniko, machache chini. Mimi nagawa theluthi mbili juu, theluthi moja chini. Baada ya nusu saa ligeuze bati, maana moto wa mkaa hauko sawa pande zote.

Kabla hujafunua, futa majivu ukingoni mwa mfuniko kwa kitambaa kibichi na uunyanyue bila kuuinamisha. Majivu yakishaangukia keki mbichi hayatoki. Na usipikie ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa mkaa usioonekana unaua.

Bati refu haliingii? Gawa kwenye makopo mawili ya siagi ya bati, ujaze theluthi mbili tu, na upunguze muda kwa dakika kama 15.

Nitajuaje imeiva?

Choma kijiti cha mshikaki katikati mpaka chini. Kikitoka na chembe kavu, imeiva. Kikitoka na ute, rudisha dakika kumi. Kijiti cha meno ni kifupi, kinapima juu wakati tatizo liko chini. Usidanganywe pia na kijiti kilicholowa kwa sababu kimepita kwenye karoti; choma pembeni kidogo ujihakikishie.

Wenye kipimajoto: katikati isome nyuzi 95 hadi 98, ila soma jibu linalofuata kama unaishi milimani.

Niko Nairobi na keki inapanda haraka kisha inaanguka. Huko Tanga mnafanyaje?

Sisi tuko usawa wa bahari, ninyi mko mita 1,700 hivi. Huko hewa ni nyepesi, gesi ya beking poda inatanuka zaidi, na keki inapanda kabla kuta zake hazijakaza. Punguza beking poda iwe kijiko kimoja na nusu, ongeza maziwa vijiko viwili vya chakula, na oveni iwe nyuzi 180. Mbeya vivyo hivyo.

Tena maji huko yanachemka kama kwenye nyuzi 94, hivyo ukisubiri kipimajoto kisome 98 utaoka mpaka ikauke. Ikifika 92 au 93, choma kijiti.

## Imeharibika

Imedidimia katikati.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni maji: zukini haikukamuliwa, au maji ya chungwa yalizidi. Ya pili ni kuiacha oveni wazi kwa muda kabla ya dakika 40 "kuangalia tu". Ya tatu ni beking poda iliyozidi, na ya nne ni milima, jibu lililotangulia.

Iliyodidimia bado inaliwa kama imeiva. Jaza shimo kwa sukari ya juu na usiseme neno.

Chini kuna mstari mzito kama ugali mbichi.

Ama haikuiva, ama mboga ilishuka na maji yake. Karoti ikikwaruzwa nyembamba haishuki. Pia usiiache keki ipoe ndani ya bati. Itoe baada ya dakika 15 na uiweke juu ya waya, mvuke utoke. Keki iliyotokwa jasho ndani ya bati inalowa chini hata kama iliiva vizuri.

Karoti zimegeuka kijani! Ni sumu?

Siyo sumu. Soda haikuchanganyika vizuri na pale ilipojikusanya imebadilisha rangi ya karoti. Ndiyo maana nasema chekecha vitu vikavu pamoja.

Juu imepasuka.

Keki ya bati la mkate hupasuka. Ukitaka ufa ulionyooka, choma mstari katikati kwa kisu chenye mafuta baada ya dakika 20, haraka, kisha ufunge.

Umeme umekatika keki ikiwa ndani.

Usifungue. Oveni hushikilia joto kwa muda, na kama zilikuwa zimebaki dakika kumi, iache humo nusu saa kisha uchome kijiti. Kama ilikuwa imeingia punde, washa mkaa mara moja na ufuate maelezo ya jiko la mkaa. Haitapanda kama ilivyotakiwa, ila itaiva.

## Baada ya kuoka

Inakaa siku ngapi?

Huku pwani, siku mbili mezani ikiwa imefunikwa. Ina mboga na unyevu, ukungu unaipenda. Kwenye friji siku tano au sita. Kwenye friza, ikatwe vipande na kila kimoja kifungwe peke yake, inakaa miezi miwili. Siku ya pili ndiyo tamu zaidi, kwa hiyo oda ya Jumamosi naioka Ijumaa.

Ile sukari nyeupe ya juu unatengenezaje?

Sukari ya unga gramu 120, maji ya chungwa, limau au danzi vijiko viwili vya chakula, uitie kidogokidogo. Iwe nzito kiasi cha kudondoka polepole kwenye kijiko. Mimina keki ikiwa imepoa kabisa; ikiwa ya moto inayeyuka na kuishia mezani.

Kwa kuwa ina mboga, baba yangu mwenye kisukari anaweza kula?

Karoti haziondoi sukari. Gramu 180 ukizigawa vipande kumi, kila kipande kina gramu 18, zaidi ya vijiko vinne vya chai, na unga bado hujauhesabu. Unaweza kushusha sukari hadi gramu 130 na keki ikasimama. Chini ya hapo inakauka. Kuhusu kipande kimoja cha baba, ulizeni kliniki anakotibiwa.

Niko Muscat, machungwa ya dukani yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Yamepakwa nta ili yasikauke safarini. Yasugue kwa brashi na maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, yafute, ndipo ukwaruze. Na kwa kuwa hayo ni ya njano, wewe ndiye utakayepata vile vidoadoa vya magazetini.